Tulipokwenda Kumwonea Kathini Boma la Kazi

Mimi ni mtu wa kuuliza, na sioni aibu. Nilifanya kazi katika ofisi ya mizigo iliyopotea pale reli mpaka nikastaafu, na ukishazoea kufungua masanduku ya watu usiowajua, ukijiuliza ni nani huyu anayesafiri na kiatu cha mguu mmoja, huwezi tena kupita jambo bila kulichungulia. Kwa hiyo siku niliyomkuta Kathini, binti ya jirani yangu Mzee Muoki, amepiga magoti barazani kwao hapa Makongeni, amefumba macho na sikio kalibandika kwenye gogo la jakaranda, sikupita.

"Kathini, gogo linasema nini?"

"Shh, Mama Akech."

Mtoto niliyemfuta makamasi ananinyamazisha! Nikavuta debe nikakaa, nikamngoja. Alipoinuka shavu lake lilikuwa na alama ya gome la mti, na akanieleza kwa subira, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Ndani ya mbao huwa kuna mabuu ya wadudu. Yanakula humo kwa miezi, hata miaka, na kwa nje huoni kitu. Lakini yakila yanatoa mlio. Ukiwa na kifaa kizuri utausikia.

"Yaani mpaka shahada ya uzamifu, umesoma jinsi ya kumsikiliza mdudu akila?"

"Ndiyo."

"Na nani anakulipa?"

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Hilo ndilo swali, Mama Akech."

Nilijua alikoanzia, kwa sababu nilikuwapo. Mzee Muoki alikuwa fundi seremala wa mabehewa. Alipostaafu akarudia kazi aliyofundishwa na baba yake kule Ukambani, akawa anachonga vigoda na miko hapo barazani. Mamake Kathini alikuwa ameshafariki, na mlio wa tezo la mzee ndio ulioniambia kila asubuhi kwamba nyumba ile imeamka salama. Halafu siku moja mwenye duka la vinyago mjini akarudisha shehena nzima. Chini ya kila kigoda, kwenye rafu za duka, palikuwa na unga wa mbao. Wadudu walikuwa ndani ya magogo tangu mwanzo, na mzee wa watu alikuwa amechonga juu yao bila kujua. Hakugomba. Alifunga tezo na patasi zake kwenye gunia, akasukuma gunia chini ya kitanda, na tangu hapo akawa anakaa barazani na mikono juu ya mapaja. Mimi ilinikera kumwona vile. Mwanaume mwenye mikono kama ile hakai bure.

Kathini wakati huo alikuwa mwanafunzi wa misitu. Akaacha yote aliyokuwa akiyasoma akashika swali moja tu: fundi atajuaje, kabla hajainua tezo, kwamba gogo hili lina mdudu? Akalifuata swali hilo mpaka wakamvalisha kofia ya uzamifu. Kifaa akakitengeneza, kijiti cha chuma kinachochomekwa kwenye mbao, na waya unaokwenda kwenye hedifoni. Kwenye chumba kimya kilifanya kazi vizuri. Hapa Makongeni kilikuwa kinasikia kila kitu isipokuwa mdudu. Kinasikia wachomeleaji vyuma, redio za majirani, spika za mahubiri, watoto, garimoshi. Kumtenga mdudu na kelele za dunia ndiyo kazi iliyokuwa imebaki, nayo ilihitaji mahali pa kuifanyia.

Alizunguka sana akitafuta mahali hapo. Akafundisha kwa mikataba mifupi mifupi, leo chuo hiki, muhula ujao kile. Halafu, kama mvua inayochelewa na kisha inamwagika yote siku moja, akaitwa sehemu tatu kwa mpigo: chuo kikuu kimoja, taasisi ya serikali, na kampuni moja ya Industrial Area. Akadhani hilo ni jambo lake binafsi. Makongeni hakuna jambo la mtu binafsi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kamati ilikuwa imeketi sebuleni kwa Mzee Muoki.

Usishangae. Sisi tunaunda kamati ya harusi, ya mazishi, ya mtu kupelekwa India kwa matibabu. Kwa nini isiwe ya kazi? Mwenyekiti alikuwa Mzee Jackton, aliyekuwa karani wa baraza la jiji, na alifungua kikao kwa sala kisha kwa hukumu.

"Serikali," akasema. "Serikali haifungi duka. Utafanya kazi, utazeeka, utapata pensheni. Kikao kimekwisha."

"Kimekwisha wapi?" akasema Nafula, anayeuza nguo Muthurwa na ambaye hajawahi kumwogopa mtu. "Daktari mzima akae ofisini akingoja chai ya saa nne? Huko private ndiko kuna doo. Kathini, skiza, wewe chukua kampuni. Hiyo ingine ni story tu."

Mimi nikauliza swali langu. "Hizo kazi zote tatu ni za utafiti?"

"Zote," akasema Kathini.

"Basi zinatofautiana nini? Na ni wapi watakuacha uendelee na hawa wadudu wako?"

Kathini mwenyewe akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo analoliogopa. "Sijui," akasema. "Wameniita nikaone kabla ya kusaini."

Hapo Mzee Jackton akapiga goti kwa kiganja. "Basi twende tukaone boma! Binti hatolewi nyumbani kabla wazee hawajaona boma anakokwenda. Tukaone jikoni, tukaone kisima, tukaone watu wenyewe wanasalimianaje."

Kathini akajaribu kueleza kwamba kazi si ndoa. Hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe akakubali mtu mmoja tu amsindikize, na huyo akawa mimi, kwa sharti kwamba ninyamaze. Nikaahidi, na nadhani nilikuwa namaanisha. Halafu Mzee Muoki akaingia chumbani akatoka na vigoda vitatu. Vilikuwa vya mwisho kuchongwa kabla ya aibu ile.

"Hamuendi boma la watu mikono mitupu," akasema. "Hivi vilitoka kwenye gogo lingine. Hivi ni safi."

Kathini alivipima hapo hapo kwa kifaa chake. Alichosikia ni spika ya kanisa la ng'ambo ya barabara. Akamtazama baba yake, akavipokea kwa mikono miwili.

Tukaanza na chuo kikuu. Sitakitaja. Mkuu wa idara, Daktari Ndirangu, alikuwa mtu mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, na alitupokea kwa uchangamfu wa mtu aliyekosa wageni siku nyingi. Kathini akaomba kuona maabara. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa na bwana aliyekwenda likizo.

"Anarudi lini?" nikauliza. Ndiyo, nilikuwa nimeahidi.

"Mama, tunamwombea tu," akasema Ndirangu. Halafu akamgeukia Kathini akawa mkweli, jambo lililonifanya nimpende. "Sikufichi. Utafundisha madarasa makubwa. Utasahihisha mpaka macho yatoke machozi. Pesa ya utafiti utaitafuta mwenyewe, na mkataba wako utakuwa wa muda kwanza. Lakini hapa hakuna mtu atakayekuja kukuambia uulize swali gani. Na ukipata jibu, kalitangaze hata sokoni."

Kigoda alikipokea kwa shangwe, akakikalia papo hapo. Ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja, nacho alikuwa amenipa mimi. Chai haikuwepo, mfereji ulikuwa umekauka.

Taasisi ya serikali ilinifurahisha macho. Kiwanja kimefagiwa, miti ina vibao vya majina, watu wanatembea bila haraka. Bi Waringa, afisa mkuu, akatuzungusha kwenye maabara yenye vyombo ambavyo Kathini alivigusa kwa ncha za vidole, kama anayegusa nguo ya dukani asiyoweza kuinunua. Nikaona kiu usoni mwake. Chai ilikuja saa nne kamili. Nafula hakukosea.

"Na wadudu wake?" nikauliza. Kathini akanikanyaga mguu.

"Wadudu wa mbao walikuwa kwenye mpango uliopita," akasema Bi Waringa kwa upole. "Mpango wa sasa ni mianzi ya maeneo makavu. Kituo kitakuwa mbali kidogo na Nairobi. Mpango huu ukiisha, Daktari Kathini anaweza kupendekeza wadudu, na kamati italitazama pendekezo lake."

Hata huko wana kamati! Nikataka kumuuliza mwenyekiti wao ni nani. Lakini alikuwa ameshaona kigoda, na uso wake ukabadilika. "Hicho siwezi kupokea, mama. Ni zawadi kabla ya ajira. Itabidi niandike maelezo, na itamharibia binti yako. Tafadhali rudi nacho." Alisema kwa heshima, na alikuwa na haki, lakini nilikibeba kurudi nyumbani nikihisi kama tumekataliwa mahari.

Kampuni ya Industrial Area inatengeneza makreti ya kusafirishia parachichi ng'ambo. Huko kelele za misumeno zilinipiga kifuani tangu getini. Mlinzi, kijana mtaratibu aitwaye Khalif, akakishika kigoda.

"Mama, hii mbao imepikwa?"

"Kigoda hakipikwi, mwanangu. Kinakaliwa."

Akaeleza kwamba mbao yoyote inayoingia pale lazima kwanza ipitie tanuri, iive mpaka ndani, wadudu wafe. Mzigo ukikutwa na mdudu mmoja ng'ambo, unarudishwa wote. Alikuwa bado anaeleza wakati meneja, Bwana Owen, alipofika, suruali kali, viatu safi, akacheka. "Ni zawadi ya wazee, Khalif. Acha ipite." Mimi nikaona ushindi. Wewe unayesoma umeshaona kosa. Sisi watu wa kuona boma tulikuwa tumebeba mbao mbichi kuingiza mahali pekee jijini ambapo mbao mbichi ni mwiko.

Wakatupa wali kwa ndengu mapema, nikawa bado ninakula. Owen alikuwa amemwomba Kathini aje na kifaa chake, akawa anangojea saa ya chakula. Ilipofika, mtu mmoja akashusha swichi, na misumeno yote ikazimika pamoja. Sijawahi kusikia kimya kama kile hapa Nairobi. Nilisikia kijiko changu kikigusa sahani.

Kathini akapima makreti, moja baada ya jingine. Kimya, safi. Halafu, nadhani ni kwa kuonea fahari tu, akachomeka kijiti chake chini ya kigoda cha baba yake.

Nilimwona akibana hedifoni masikioni. Akafumba macho. Nikafungua mdomo, akanyoosha kidole kunizuia, na safari hiyo nikanyamaza kwa kuwa uso wake uliniogopesha. Angeweza kuvua hedifoni na kusema ni safi. Nani angejua? Kazi nzuri, heshima ya mzee, vyote vilikuwa hapo mezani. Akavua hedifoni.

"Kina buu," akasema. "Moja, labda mawili. Kitoeni hapa haraka."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini Owen alishika hedifoni akasikiliza, na akatabasamu kama watu waliokuwa wakipata mizigo yao ofisini kwangu. Kigoda kikafungwa kwenye plastiki kikapelekwa kuchomwa. Owen akamkalisha Kathini chini.

"Daktari, hiki ndicho tunachokitafuta. Tutakujengea chumba kisicho na kelele. Tutakupa gari, tutakupa wasaidizi, tutakulipa vizuri. Kuanzia ukisaini, mbinu hii ni ya kampuni. Hutaandika kuihusu, hutaifundisha, hutaionyesha nje."

"Hata kwa baba yake?" nikauliza.

Owen akacheka, kisha akaona sichezi. "Hata kwa baba yake, mama. Washindani wetu nao wana baba zao."

Njiani kurudi mimi, niamini, sikumuuliza Kathini neno.

Jumamosi mchana kamati ikaketi tena. Nje, mtaa ulikuwa unanguruma. Mahubiri yalikuwa uwanjani, mchomeleaji alikuwa kazini, kila nyumba na muziki wake. Mzee Jackton ilibidi apaaze sauti.

"Mama Akech, toa ripoti. Mlikula kwao?"

"Serikalini chai. Kampuni wali. Chuoni hata maji hatukupata."

"Basi mambo yako wazi. Ulipokula ndipo ulipokubali. Chuo kimejitoa chenyewe."

"Walivipenda vigoda?" Ilikuwa sauti ya Mzee Muoki. Alikuwa ameinama mbele, na jinsi alivyouliza, taratibu, bila kututazama, nilijua hilo ndilo swali lake la pekee tangu tuondoke. Kigoda kimoja kilikuwa kimerudi nyumbani, na hakuwa ameuliza kwa nini. Alitaka kujua kuhusu vile viwili.

Kathini akatoka kwenye kiti chake akachuchumaa mbele yake.

"Baba, kile cha kampuni kilikuwa na mdudu. Nilimsikia. Wamekichoma."

Mzee alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Niliumia. Nilimkasirikia Kathini kidogo, nakiri, maana kuna ukweli mtu anaweza kuulaza mpaka kesho.

"Nilisema ni safi," mzee akasema.

"Hukuwa na njia ya kujua, Baba. Hakuna fundi aliye nayo. Na nikisaini kule sitaruhusiwa kukuambia tena jambo kama hili. Nitakaa kwenye chumba kimya nikisikia kila kitu, nikija hapa nikuulizie habari za afya tu. Serikalini nitangoja mpango uishe, na sijui wewe utaningoja mpaka lini. Nimewapigia chuo. Nimewaambia nakuja."

"Chuo!" akapiga kelele Nafula. "Ile ya kufuli? Kathini, wewe uko sawa kweli?"

Mzee Jackton akavua miwani akaifuta, jambo afanyalo akitaka watu wajue amedharauliwa. Kila mtu akaanza kusema kwa pamoja, mimi nikiwa wa kwanza. Mzee Muoki akainuka, akapita katikati yetu, akaenda kukaa barazani.

Ndipo stima ikapotea.

Mnajua inavyokuwa. Spika ya mhubiri ikakatika katikati ya neno. Mchomeleaji akanyamaza, redio zikafa, mtaa mzima ukatoa guno moja la kulalamika, kisha hata guno likaisha. Nilimwona Kathini akiinua kichwa. Akachupa, akanyakua kifaa chake, akakimbilia barazani.

"Mtu asitembee!" akatuambia. "Tafadhali, hata nje, mtu asitembee!"

Nikatoka mlangoni nikawanyamazisha majirani kwa mikono yote miwili. Mama aliyekuwa akifua akaacha nguo majini. Watoto wakasimama walipokuwa, mmoja mguu hewani. Mzee Jackton, mwenyekiti, akashikilia pumzi pale dirishani.

Palikuwa na magogo mawili ya jakaranda barazani. Kathini akachomeka kijiti kwenye la kwanza, akasikiliza, kisha akavua hedifoni akamvika baba yake.

Sijui nieleze vipi uso wa Mzee Muoki. Kwanza hakuelewa. Halafu akaganda. Kilichomlia maisha yake kilikuwa humo ndani kinatafuna, na kwa mara ya kwanza alikuwa anakisikia kwa masikio yake mwenyewe. "Anakula," akanong'ona. "Anakula tu, hana hata wasiwasi." Akanivika mimi pia. Ni mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayekunja karatasi ngumu kwenye chumba cha mbali. Miaka yote ya kuuliza, na pale sikuwa na swali.

Kathini akahamia gogo la pili. Akasikiliza sana. Akageuza gogo, akachomeka tena, akasikiliza. Akampa baba yake, naye akasikiliza akiwa amefumba macho kama bintiye.

"Sisikii kitu," akasema mzee.

"Hakuna kitu, Baba."

"Hakuna?"

"Hili ni safi."

Akavua hedifoni, akamrudishia kwa uangalifu, akaingia ndani. Tulimsikia akipiga magoti sakafuni, tukasikia kitanda kikisukumwa. Stima ilirudi, na mhubiri akaendelea na neno lake alipoliachia. Nilirudi jikoni kwangu nikiwaza habari za ile kufuli na yule bwana wa likizo, na mtoto wetu atakula nini mwisho wa mwezi. Nilikuwa namenya viazi, na katikati ya kelele zote zile nikalisikia tezo.